Ekra Iangalie Mama: Miaka Kumi na Tatu mu Chumba ya Ekografi

Niko na miaka makumi tatu na mbili na ninaandika mambo ya retraite, sawa muzee anaacha kazi. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Bwana yangu amepata kazi ku garage moja ya Beni, batoto banamufuata baba yao, na mi ninafuata batoto. Donc nimeacha kiti. Kahindo, wewe njo unaikala pale sasa, na uliniomba nikuandikie "mambo kidogo ya kazi" ku karatasi moja. Haikuenea mule. Mambo ya mushahara na ya nani alipandishwa cheo naiacha, haitakusaidia kitu. Nitakuambia ya mashini, ya mikono, na ya hasira yangu. Bila ile hasira, Asifiwe, mutoto yangu wa kwanza, hangekuwa hapa pembeni yangu akinichafulia karatasi na vidole yenye mafuta ya ndizi makemba.

Nilianza na miaka kumi na tisa, diploma mu mukono, viatu ya yaya yangu, dada mukubwa, mu miguu, imenikaza. Kliniki yetu unaijua: vyumba tatu, corridor yenye banc ya mbao ya kuikalia, na ku mwisho ile chumba ya giza yenye pazia ya kijani. Ndani alikuwa Papa Kasereka, infirmier, muuguzi wa zamani mwenye alienda kujifunza ekografi, picha ya tumbo, Kampala, akarudia na mashini mu karton na kimya ya mutu mwenye ameona mingi. Aliniangalia viatu, kisha uso.

— Unajua kuandika muzuri?

— Ndiyo, docta.

— Mi hapana docta. Andika jina yako nione.

Niliandika: Kavugho. Akasema iko sawa. Mutihani yangu ya kuingia kazi ilikuwa ile tu. Batu bote balimuitaka docta, na yeye alikatala mara kumi kwa siku bila kuchoka. Ni kitu nilimupendea tangu siku ya kwanza: hakujipandisha.

Asubui unafungua regulateur kwanza, kile chombo ya kutuliza umeme, si mashini. Unahesabu mupaka makumi sita, njo unafungua mashini. Kuriyenti ya Butembo inaruka sawa mbuzi, na mashini ikiungua, mutu wa kuitengeneza iko mbali kuliko uvumilivu yako. Sonde, ile kitu ya kushika yenye tunapitishaka ku tumbo, unaipanguza na kitambaa laini na maji kidogo ya sabuni. Hapana alkoli. Juma yangu ya pili niliipanguza na alkoli, nilitaka kuonekana mutu wa usafi, na mupira yake ikapasuka ku pembe. Papa Kasereka hakunikaripia. Alinionyesha tu ile pasuko, kila asubui, miezi mbili muzima, sawa mutu anaonyesha picha ya marehemu.

Gel ya kupakaa ku tumbo ikiisha, na itaisha, barabara ikifungwa inaishaka, unapika yako. Bunga ya mihogo, maji, chumvi kidogo, unakoroga ku moto mupaka ivute sawa kole, ile gundi ya karatasi, kisha unaacha ipoe kabisa. Nasema kabisa. Picha inatoka muzuri tu. Mama moja aliniuliza na sura ya mutu anauliza kitu ya maana: "Na mukishamaliza, munaikulaka na samaki?"

Kazi ingine ilikuwa register. Yeye anasema, mi naandika. Ku mimba yenye iko muzuri alikuwa anasimamisha picha mara ine: kichwa, moyo, tumbo, mufupa ya paja. Kila mara mashini inalia tik. Tik ine, mama anavaa kikwembe yake, tunaita mwingine. Nyuma ya mwaka moja sikukuwa tena na lazima ya kuangalia. Nilikuwa nahesabu na masikio.

Na kazi ya mwisho, yenye inaniletea haya mupaka leo: kugeuza ekra, kioo ya picha.

Unaona ekra imekaa ku mukono ya chuma. Mupaka juzi chini yake kulikuwa kishikio moja nyeusi. Unailegeza, ekra inageuka huku na kule. Tik zikipita ine, Papa Kasereka anakohoa kidogo. Ile kikohozi ilikuwa alama yangu. Nalegeza kishikio, nageuza ekra, mama anabakia kuangalia ukuta. Kisha Papa Kasereka anaandika karatasi kwa Kifransa, anaitia mu bahasha, mi naipakaa kole, na naipeleka mu corridor kwa mama-mukwe. Kama mama-mukwe hayuko, kwa bwana. Mama mwenyewe tunamuambia: "Iko sawa, mama. Enda pumzika."

Sikuuliza kitu mwaka ya kwanza. Mwaka ya pili nikauliza.

— Papa, juu ya nini hatumuambie mwenyewe?

— Mwanamuke mwenye mimba anabeba mayai ku kichwa, alinijibu. Usimuite kwa nyuma.

Ilinipendeza ile maneno. Niliirudilia ku nyumba sawa maneno ya hekima. Nilikuwa mujinga.

Mwaka ya tatu akafika Masika, bibi mupya, kitambaa ya ndoa bado inamungara ku kichwa, na mama-mukwe yake nyuma yake sawa askari gendarme. Papa Kasereka akauliza mimba iko ya miezi ngapi. Masika akafungua kinywa. Mama-mukwe akajibu kutoka mulango:

— Ine. Ndoa ni ya miezi ine.

Papa Kasereka akapima. Mutoto alikuwa sawa ncha ya kidole gumba. Kwa miezi ine, ni mudogo sana. Akapima tena. Tik ya tano, tik ya sita. Tena, kwenye kamba ya kitovu inashikana na tumbo, kulikuwa kauvimbe kadogo ka matumbo, inje ya tumbo. Akakohoa. Nikageuza ekra. Akaniambia niandike: mutoto hakomai, matumbo iko inje. Bahasha, kole, corridor.

Ile familia ililia bila Masika kujua. Balimukataza kuteka maji, balimukataza kulima, balimupikia kuku. Masika aliniambia nyuma kama alifikiri anapendwa kuliko banamuke bote ba Butembo.

Nyuma ya juma tano balimurudisha, kusudi Papa Kasereka aseme kama mutoto amekufa. Tik ine. Tumbo imefungwa, matumbo iko ndani, mutoto anapiga teke. Mama-mukwe akapiga magoti mu corridor na kuita muujiza. Papa Kasereka akatoka, akaenda kusimama nyuma ya groupe, ile generateri, na akabakia pale mupaka tukaanza kumutafuta. Aliporudi alikamata bic, kalamu kubwa nyekundu, akaandika ku ukuta ya chumba: MIMBA HAIANZAKE SIKU YA NDOA.

Kisha akanifundisha, juu alikuwa mutu wa kukubali kosa yake hata kama hakuiita kosa. Mupaka karibu juma ya kumi na mbili, matumbo ya kila mutoto inatokaka ndani ya kamba, juu tumbo ingali ndogo, haina fasi. Kisha inaingia yenyewe. "Ya batu bote," alisema. "Yako, yangu, mupaka ya askofu." Ule mutoto alikuwa wa juma kumi tu. Mashini ilisema ukweli, kipimo ilisema ukweli, na yeye akaamini ndoa. Na Masika, mwenye alijua muzuri kama damu yake ya mwisho ilikuwa juma ya kuvuna maharagi, hakuna mutu alimuuliza. Alikuwa pale, amelala, masikio mbili ku kichwa.

Tangu ile siku tukaanza kuuliza mama mwenyewe: damu ya mwisho lini? Ni kitu ya kwanza utauliza, Kahindo, na utaangalia yeye wakati anajibu, si mutu mwenye kusimama ku mulango. Lakini bahasha ilibakia. Kole ilibakia. Na mi nilibakia kuipakaa, miaka ine tena.

Mwaka ya saba nilikuwa na mimba yangu.

Ilikuwa ya miezi tano, na hesabu nilifanya mwenyewe. Mama-mukwe alinisindikiza, akaikala mu corridor ku ile banc. Nilipanda ku kitanda kwenye nilikuwa nimepanguza tumbo za bengine miaka saba, nikajipakaa gel mwenyewe, na nikamuambia Papa Kasereka afanye mbio, banamuke banangoja. Akacheka. Tik. Kichwa. Tik. Moyo. Tik. Tumbo. Akarudisha sonde pale pale.

Tik ya tano. Ya sita. Nilikuwa naangalia ekra lakini kutoka pale chini nilikuwa naona tu kitu sawa mvuke, sawa maji inachemuka. Ya saba. Akakohoa. Kwa mazoea tu. Mutu wa kugeuza ekra alikuwa amelala mbele yake. Akanyosha mukono mwenyewe, akalegeza kishikio, na ekra ikaangalia ukuta.

Tik ya kumi na moja njo ilikuwa ya mwisho.

— Iko sawa, Kavugho. Enda pumzika.

Ile sauti nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeisikia na kuisaidia. Alikamata register kutoka ku meza yangu, akaandika mwenyewe, mukono ya kushoto ikifunika mwandiko sawa mutoto wa masomo anaogopa bamuibie majibu. Mu miaka saba hakuwahi kuandika ile register. Akafunga bahasha mwenyewe, akatoka nayo mu corridor. Kisha akaenda kula.

Nilifungua register. Mwandiko yake mubaya, lakini nilikuwa nimeusoma miaka saba. Matumbo iko inje, kuume ya kamba, bila mufuko yenye kuifunika. Nilisoma mara mbili. Kisha nikasoma jina, kuona kama ni yangu kweli. Ilikuwa yangu.

Sikulia. Nilikasirika mupaka meno ikaniuma. Hakunikasirisha ule mutoto, masikini, hakukosa kitu. Ilinikasirisha banc ya corridor. Nikatoka inje na blouse ya kazi, nikasimamisha motari, mutu wa pikipiki, nikamuambia anipeleke Mususa, mutaa yetu, na asinisemeze njiani.

Mama-mukwe alikuwa ameshafika nyumbani. Alikuwa anachagua maharagi ku lungo, anatosha mawe inje, lakini alikuwa anatosha maharagi na kuacha mawe.

— Mama, bahasha iko wapi?

— Bahasha gani?

— Ile yenye kole yake napakaaka mi mwenyewe.

Akatosha maharagi ingine. Kisha akaingiza mukono ku kiuno, ndani ya kikwembe, akaitosha. Ilikuwa imefungwa. Hakuna mwenye alikuwa ameigusa.

— Haukuifungua?

— Niifungue nifanye nini? Iko ya Kifransa. Mi nilisoma miaka mbili. Docta aliniambia mutoto iko na mushida ya tumbo, niombe, na ninyamaze.

— Na ungenyamaza mupaka lini?

— Mupaka Mungu aseme.

— Mungu haandikake bahasha, mama.

Nilijua nimevuka mupaka. Mutu haongeleke na mama-mukwe ile namna. Nilingoja anifukuze. Akaweka lungo chini, pole pole, na akasema kitu yenye bwana yangu Paluku mwenyewe hakujua mu maisha yake.

— Nyuma ya Paluku nilizala mutoto mwanamuke. Nilisikia muzalishaji anasema, "matumbo iko inje." Akamufunga na kikwembe ikavu, akatoka naye. Baliniambia nisiulize, maziwa itakauka. Sikumuona uso. Mupaka leo sijui alifanana na nani.

Akapanguza macho na ncha ya kikwembe. Kisha akanisukumia bahasha.

— Wewe ulisoma. Soma. Usiache kitu.

Nikafungua, nikasoma, nikamutafsiria neno kwa neno. Aliniuliza kuume ni wapi, akaweka mukono ku tumbo yangu, pale pale. Ile bahasha miaka yote tulikuwa tunaipa mutu mwenye hawezi kuisoma, kusudi amufiche mutu mwenye angeweza. Ni mi nilikuwa naipakaa kole. Tafuta ujinga mukubwa kuliko ile, ukiipata unipigie simu.

Kesho yake tulirudi bote babili. Mama-mukwe akaweka bahasha ku meza ya Papa Kasereka.

— Docta, tumesoma. Sasa eleza.

— Mi hapana docta.

— Eleza hata hivyo.

Papa Kasereka akaniangalia mi, si yeye.

— Kavugho, nilitaka usianguke. Mwanamuke mwenye mimba...

— ...anabeba mayai ku kichwa, nikasema. Ninajua, papa. Na mutu mwenye kubeba mayai ku kichwa, unamufunga macho juu ya nini?

Alikamata ile bahasha, akaigeuza mbele na nyuma. Nilisikia groupe inawaka na banamuke mu corridor banacheka kitu yao.

— Mutoto ataishi? nikauliza.

— Sijui. Akizaliwa hapa, hapana. Akizaliwa Beni, ku hospitali yenye docta mwenye kupasua batoto badogo, anaweza. Bengine banapona. Si bote.

Ile "anaweza" ilinishibisha kuliko "iko sawa" zote nilikuwa nimesikia mu ile chumba. Nikapanda ku kitanda, nikafungua blouse.

— Geuza ekra.

Akalegeza kishikio na ekra ikaniangalia. Akatia sonde, akapeleka kidole.

— Miaka saba umeandika bila kuona. Angalia sasa. Hii ni tumbo. Hii kamba ya kitovu, inaingia fasi yake, haina neno. Na hapa pembeni ngozi haikufunga. Ni tundu ndogo, sawa kifungo ya shati. Matumbo ilipita hapo, inaogelea mu maji.

Mama-mukwe alikuwa amesimama nyuma yake, shingo imenyoka. "Mapua yake sawa ya Paluku," akasema. Kwa ile picha huwezi kuona mapua ya mutu. Hatukumukatalia.

Ile siku Papa Kasereka alinifundisha kitu yenye nakupa na wewe. Iko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni hii yangu: tundu pembeni ya kitovu, matumbo inje bila kifuniko. Inatisha macho, lakini mara mingi mutoto mwenyewe haina kosa ingine, kosa iko ku ngozi. Ya pili matumbo inatoka ndani ya kitovu yenyewe, imefunikwa na mufuko mwembamba, mara ingine na ini ndani yake. Ile inaonekana safi kuliko ya kwanza, lakini unatafuta vizuri: moyo, figo, uso, juu mara mingi haitembeake yenyewe, inatembea na kosa ingine. Kwa zote mbili unauliza juma za mimba mbele ya kufungua kinywa. Kumbuka ukuta.

Akaandika ku karatasi kubwa, safari hii kwa Kiswahili, namna ya kumupokea mutoto kama uchungu inanikamata mbele ya wakati. Hapana kitambaa ikavu. Hapana kurudisha matumbo na vidole. Maji ya chumvi ya dawa, ya vuguvugu, na plastike safi kuzunguka matumbo na tumbo yote, asipoteze joto. Kumulaza upande. Kukimbia. Mama-mukwe hakujua kusoma lakini alijifunza ile karatasi kwa kichwa. Alikuwa anairudilia akifagia, sawa katekismo: hapana kikwembe ikavu, hapana kikwembe ikavu.

Tulienda Beni mwezi moja mbele ya kuzala, ile juma barabara ilikuwa wazi, asubui, na Paluku mbele na mizigo. Tulikaa kwa shangazi yake. Asifiwe alizaliwa saa ine ya asubui, alilia kwa nguvu, na matumbo yake ilikuwa nyekundu, imevimba, juu ya tumbo yake sawa kitu mutu amesahau pale. Niliangalia. Nilikuwa na haki ya kuogopa na niliogopa, lakini sikushangaa. Miezi ine nilikuwa nimeshaiona.

Docta mupasuaji alikuwa mama mufupi wa Kisangani, mwenye kusema Lingala, Kifransa na Kiswahili mu pumuzi moja. Ile tundu ilikuwa ndogo kwa kurudisha yote siku moja. Akakamata mufuko mupya ya plastike, ile safi ya hospitali ya kupokelea mukojo, akaikata, akatia matumbo ndani, akaishona ku tumbo, na kuitundika juu na kamba.

— Ezali malamu, iko muzuri, mama, alisema. Kila siku tunakaza kidogo, inashuka kidogo, petit à petit. Haraka hapana.

Kila asubui alikaza sawa mutu anakaza mufuko ya maharagi. Siku ya sita yote ilikuwa ndani, akafunga. Mi nikafikiri tumemaliza. Akanitazama na kucheka.

— Sasa tunangoja akunye.

Mutoto alikuwa analishwa na maji ya mu mushipa tu, hakukuwa na ruhusa ya kunyonya mupaka matumbo iamuke. Nilikuwa nakamua maziwa kusudi isikauke, na mama-mukwe alikuwa anaihesabu chupa na macho ya mutu mwenye bamemudanganya juu ya maziwa miaka makumi tatu. Kila asubui alikuwa anaingia na swali moja: "Amekunya?" Siku ya kumi salle yote ya bagonjwa ilikuwa inauliza. Mulinzi ku lango aliuliza. Paluku alikuwa anauliza ku simu mbele ya kusalimia. Siku ya kumi na mbili mutoto wa kitanda ya pembeni alikufa, ya ugonjwa ingine, na hakuna mutu aliuliza kitu ile siku.

Siku ya kumi na tisa niliamuka, nikasikia harufu. Nilifungua kitambaa. Ilikuwa kidogo, ya kijani, kibaya, na sijawahi kuona kitu kizuri kuliko ile. Mama-mukwe akainyanganya mu mikono yangu, akazunguka nayo kitanda kwa kitanda, akiionyesha kila mutu sawa mutu anapitisha keki ya ndoa, na akiishukuru ile kitambaa yenyewe na Kinande: "Wasingya. Wasingya kutsibu." Docta wa Kisangani akaja kuangalia. "Voilà," akasema. "Sasa munyonyeshe."

Nilirudi ku kazi na Asifiwe mu mugongo, na ku mulango nikamuambia Papa Kasereka kitu moja: kishikio siigusi tena. Mama anaangalia ekra yake. Anaambiwa yeye wa kwanza, kwa luga yake, na yeye njo anachagua nani mwingine aingie. Alibisha siku tatu. Alisema banamuke bataanguka. Nikamuambia kitanda iko pale, bataangukia ku kitanda. Siku ya ine akasema tujaribu. Alijaribu mupaka siku aliacha kazi, na kole ikakauka mu chupa yake.

Sitaki ufikiri bote balipona. Alifika mama moja kutoka Oicha, bibi ya mulimaji wa kakao. Ya aina ya pili, ini ndani ya mufuko, na moyo haikukaa muzuri. Papa Kasereka alimuambia yote, pole pole, na ekra ikimuangalia. Alilia mu mikono yangu. Bwana yake akaingia na kasirani.

— Nani aliwatuma kumuambia bibi yangu?

— Tumbo ni ya nani, papa? nikamuuliza.

Akataka kunipiga. Bibi yake akamushika mukono, akasema: "Acha. Niliuliza mi mwenyewe." Mutoto alizaliwa asubui, akaishi mupaka saa sita ya muchana. Nyuma ya miezi mingi ule mama alirudi na mukungu ya ndizi, akaniambia: "Nilikuwa nimeshamutayarishia jina. Nilimuita, akafungua macho." Nilimushukuru kwa ndizi, kisha nikaenda kusimama nyuma ya groupe, pale pale Papa Kasereka alisimamaka.

Sasa tuko na docta kijana, docta wa kweli, na ni mutu muzuri, sina neno naye. Lakini juma yake ya kwanza, tik ya tano, alikohoa, na mukono yake ikaenda yenyewe ku kishikio. Hakuna mwenye alikuwa amemufundisha. Na wewe, Kahindo, juma iliyopita, ule mama wa Mususa alipoanza kulia, nilikuona umenyosha mukono ku kishikio. Ulifanya kwa huruma, ninajua. Na mi nilifanya kwa huruma, miaka saba.

Njo maana ile siku yangu ya mwisho nilikuja na bwana yangu na mufunguo zake za garage, za kukaza chuma. Uliuliza anatengeneza nini, nikakuambia ekra inalegea. Haikukuwa inalegea. Alitia bulo, bolti mbili, ku ile mukono ya chuma, akaikaza mupaka mishipa ya shingo ikamusimama. Ekra inaangalia kitanda na haitaangalia fasi ingine. Kishikio usiitafute. Iko Beni, mu mufuko ya rinda ya Asifiwe, na ule mutoto hatoaka kitu yake.